Naomba ushauri: Mama kapewa dawa ya kikohozi yenye kodeini na anatumia diazepamu

Wakuu habari za jioni. Nawaomba hasa wafamasia na madaktari.

Mama yangu yuko Kongwa, anakohoa tangu upepo wa vumbi uanze. Daktari kamwandikia dawa ya maji yenye kodeini. Tatizo, kila usiku anameza diazepamu (dawa ya kutuliza na kuleta usingizi) aliyoandikiwa na daktari mwingine, na sidhani kama huyu wa sasa aliambiwa. Ninavyofahamu, ini hugeuza sehemu ya kodeini kuwa mofini (dawa kali ya maumivu), na ikikutana na diazepamu mtu anaweza kulala fofofo hadi pumzi ikapungua. Marekani walitoa onyo kali kuhusu mchanganyiko huu mwaka 2016. Jana nimemkuta kasinzia mkekani, kikombe cha uji kimeinama mkononi, nikamwita mpaka nikamtikisa ndipo akaitika. Niliogopa sana. Chupa nimeiweka pembeni, asubuhi nampeleka hospitali na dawa zake zote.

Diazepamu najua haikatwi ghafla. Je, kuna dawa ya kikohozi isiyogombana nayo? Na kwa kuwa kikohozi kimepita wiki mbili, niombe apimwe makohozi ya TB kwanza? Usiku huu nimwangalie dalili zipi?