Nguzo za baraza zinabanduka, nipige saruji au chokaa? (nyumba ya zamani Bagamoyo)

BintiDunda: Salaam wakuu. Tuna nyumba ya marehemu babu huku Bagamoyo mjini, ya matumbawe na boriti, barazani ina nguzo nne nene. Masika hii lipu imebanduka vibaya, fundi anasema tukwangue tupige saruji, na nguzo bora tuzivunje tumwage zege maana ndani ni matofali tu. Roho inakataa kabisa. Nimeona picha za Villa Rotonda ya Italia, nguzo nyeupe pande zote, zile nadhani ni mawe ndo maana zimedumu. Nishaurini jamani.

FundiChokaa: Dada usivunje! Matumbawe yananyonya maji na chumvi, chokaa inayaacha yapumue. Ukiziba na saruji unyevu unakaa ndani, chumvi inasukuma na lipu inadondoka na kipande cha ukuta. Nimewahi kubandua saruji kwenye nyumba ya hivyo, nyuma yake ukuta umekuwa unga. Piga chokaa iliyolowekwa muda mrefu, mkono mwembamba mwembamba, funika magunia mabichi isikauke haraka, na mchanga wa ufukweni usiuguse.

Mchoraji_Tanga: Naongezea kuhusu hiyo Rotonda maana naipenda sana. Iko nje kidogo ya mji wa Vicenza, msanifu majengo Andrea Palladio aliianza miaka ya 1560 kwa ajili ya Paolo Almerico, mtu wa kanisa aliyestaafu kazi Vatikani. Palladio mwenyewe alianza maisha kama mchonga mawe, lakini majumba yake mengi ni matofali na lipu ya chokaa, hadi nguzo, kwahiyo fundi wako akisema "matofali tu" mwambie hata Palladio alijenga hivyo. Kila upande nguzo 6, jumla 24, na nyumba ameizungusha kona ndo zielekee kaskazini, kusini, mashariki na magharibi ili kila chumba kipate jua. Palladio akafa 1580 haijaisha, msanifu mwenzake Scamozzi akamalizia kuba. Kwetu upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti, ndo maana vyumba vya babu ni virefu vyembamba, ila baraza la kuvunja jua na mvua hata Palladio aliweka.

BintiDunda: Ahsanteni sana, nimepata nguvu ya kumkatalia. Nianzie wapi sasa?

FundiChokaa: Anza juu. Panda uangalie bati linapokutana na ukuta juu ya hizo nguzo, maji yakiwa yanaingilia hapo ziba kwanza, lipu baadaye.