Mjomba aliyekuwa akipikia majirani ametutoka. Sufuria yake tuiendelezeje?

Mpwa wa Mjomba

Wakuu, habari zenu.

Mjomba wangu ametangulia mbele ya haki. Alikuwa fundi seremala mstaafu, upishi hakuusomea popote, ila kila Jumamosi alibandika sufuria kubwa uani na yeyote aliyepita alikula. Wasiojiweza walipelekewa. Hakuchangisha mtu: ukileta kitunguu anapokea, usipoleta hakuulizi. Vijana aliwapa visu wamenye viazi, na aliyemenya ganda nene alisutwa mpaka akacheka mwenyewe. Yeye hakugusa chakula hadi wa mwisho ashibe, na hapo mara nyingi alikwangua ukoko tu, akidai ndio anaoupenda. (Ninavyomjua, alikuwa anadanganya.)

Familia na majirani tumekaa tukakubaliana: hakuna fulana zenye picha yake, hakuna hotuba, sufuria iendelee. Shida ni kwamba hakuandika vipimo. Daftari lake ninalo, lakini ndani hakuna pishi hata moja. Kuna watu:

"Nyumba ya kona: presha. Mpakulie kabla ya chumvi."
"Bibi wa juu: meno hana, ponda."
"Kijana wa zamu ya usiku: mwekee, asiamshwe."
"Baba wa wale watoto: mlango wa nyuma. Usimuulize habari za kazi."

Kurasa na kurasa za namna hiyo. Vipimo vilikuwa mkononi mwake, ameondoka navyo. Ninachokumbuka ni kwamba maharage mekundu aliyaloweka usiku kucha, akamwaga yale maji, akayachemsha kwa moto mkali kabla ya kuupunguza, na ukimtajia njia ya mkato alikuwa mkali kweli. Na chakula kilichobaki alikigawa palepale, hakikulala sufuriani.

Kwa mliowahi kupikia umati: tuanzeje?

Kibao cha Mbuzi

Pole sana dada, Mungu amrehemu. Kabla ya kutafuta mapishi kwingine, waiteni wale vijana wa viazi. Waliosimama naye miaka yote wanajua zaidi ya wanavyodhani. Ila usiwaulize "aliweka kiasi gani?", watakujibu "kidogo tu". Mpe mmoja sufuria apike kama alivyokuwa akimwona, na wewe simama pembeni na mizani. Kila kinachotaka kuingia sufuriani kipime kwanza, andika. Wakianza kubishana kwamba Mjomba kitunguu alikitia baadaye, hapo ndipo pishi linapopatikana. Waache wabishane.

Mpishi wa Bweni

Poleni. Mimi nimepikia wanafunzi muda mrefu, kwa hiyo nitasema ya jikoni.

Pishi la watu watano usilizidishe mara kumi kichwakichwa. Maji hupotea kwa mvuke kupitia uso wa sufuria, na sufuria yenye ujazo mara kumi, kama umbo ni lilelile, uso wake ni mara tano hivi tu. Ukizidisha maji kwa mkumbo utapata uji. Anza na pungufu, yanayochemka yawe tayari pembeni ya kuongezea. Pilipili na viungo vikali hivyohivyo: tia nusu au zaidi kidogo ya hesabu, onja, ongeza. Chumvi ndiyo inayofuata uzito. Gramu 10 hivi kwa kilo ya chakula kilichoiva ni pa kuanzia, halafu ulimi uamue. Na yule wa presha Mjomba alimtendea haki: Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku nzima, na sahani moja iliyokolea inaweza kumaliza nusu yake.

Kuhusu maharage, alikuwa sahihi kuwa mkali. Maharage mekundu mabichi yana sumu ya asili inayotapisha na kuharisha. Kuloweka na kumwaga maji kunasaidia, lakini kinachoiua ni kuchemka kwelikweli. Wengine husema dakika 10, wengine 30. Mimi huchukua 30. Ukiyaweka kwenye moto hafifu usiochemsha, sumu haifi na inaweza hata kuzidi.

La kutolaza sufuriani ndilo naliogopa kuliko yote. Sufuria kubwa ikiepuliwa, katikati yake hubaki na uvuguvugu kwa saa nyingi. Kuna bakteria wanaojifungia kwenye ganda ambalo kuchemka hakuliui, wakisubiri uvuguvugu huohuo waamke na kuzaana. Wa kwenye wali wana ubaya wa ziada: sumu yao haiondoki hata ukipasha upya. Chakula kikae juu ya nyuzi 60 au chini ya nyuzi 5, na kisikae nje ya hapo zaidi ya saa mbili.

Msoma Zamani

Poleni. Mimi nimekwama kwenye ule "mlango wa nyuma".

Kulikuwa na mpishi Mfaransa, Alexis Soyer, aliyezaliwa 1810 na kuvuma London akiwapikia wakubwa. Mwaka 1847, wakati wa njaa kuu ya Ireland, alikwenda Dublin akajenga jiko la supu la kulisha maelfu kwa siku. Mwaka 1855 akaenda Scutari, kwenye Uturuki ya leo, kurekebisha chakula cha askari wagonjwa wakati wa vita vya Krimea, na jiko la kubebeka alilobuni jeshi la Uingereza lilitumia kwa zaidi ya karne moja. Mtu wa maana sana. Lakini kule Dublin, siku ya ufunguzi, wenye nazo walikuja kuwatazama maskini wakila, tena kwa mchango wa shilingi tano. Magazeti yaliwashambulia, na madaktari nao wakahoji kama supu yenyewe ilikuwa na lishe.

Mjomba wako aliuona mtego huo bila kusoma historia. Mtu akija na simu kupiga picha wanaokula, mpeni kisu amenye viazi.

Mpwa wa Mjomba

Mmenifanya nicheke na kulia kwa pamoja. Jumamosi hii tunaanza na nyumba za kwenye daftari peke yake, vijana wapike, mimi na mizani. Picha marufuku.

Mpishi wa Bweni, nisaidie moja: kijana wa zamu ya usiku anarudi alfajiri. Mjomba alimwekea kwenye chupa ya moto. Tuendelee hivyo?

Mpishi wa Bweni

Chupa ya moto kuanzia jioni mpaka alfajiri, hapana. Ikishuka chini ya 60 hamtajua. Chakula chake kitandazeni kwenye chombo cha kina kifupi kipoe haraka, kiingie jokofuni ndani ya saa mbili. Akirudi akipashe hadi kitoe mvuke mpaka katikati, si kingo tu. Ila muulizeni kwanza kama ana jokofu. Kama hana, abebe chake jioni akale kazini.