Mrejesho: niliingia kazini moja kwa moja baada ya sekondari

Mwaka jana niliwaomba ushauri: nimemaliza sekondari, chuo sikitaki kwa sasa, je, nianze kazi? Wengi mlinionya, wachache mkanitia moyo. Nawashukuru nyote.

Nilianza. Ni msaidizi wa fundi umeme. Miezi mitatu ya kwanza nilibeba ngazi na kutoboa kuta tu, jioni vidole vimekufa ganzi, huku marafiki wakituma picha za chuoni. Iliniuma, sitaficha. Kisha siku moja fundi akanipa testa, kile kifaa ambacho taa yake huwaka ikigusa waya wenye umeme: "Hakikisha mwenyewe." Swichi kuu ilikuwa imezimwa, lakini kwenye waya mmoja taa ya testa ikawaka. Mkono ulinitetemeka. Tangu hapo siiamini swichi, napima kwanza.

Uliyenisisitizia nidai mkataba wa maandishi, Mungu akubariki. Mwenzangu asiye nao amefanya kazi wiki sita bila malipo na hajui aanzie wapi kudai.

Chuo sijakifuta. Kila kazi naiandika kwenye daftari pamoja na tarehe, maana baadhi ya vyuo vya ufundi hupima ujuzi uliopatikana kazini na kuutolea cheti. Maombi napeleka mwezi ujao.