Mrejesho: Vitu vya haraka vya kujaza daftari la kuchorea

Niliuliza nichore nini cha haraka ili daftari langu la A5 lijae. Asanteni sana, wakuu.

Ushauri uliofaa kuliko wote ni wa kugawa ukurasa visanduku sita kwa penseli ya HB: kila kisanduku kitu kimoja, dakika tano. Sufuria, parachichi, jani la sukuma, kiatu, kufuli, kikombe. Ukurasa mtupu hautishi tena.

Aliyesema nianze na maumbo, ubarikiwe. KICC, lile jengo refu la mikutano Nairobi, ni mnara wa silinda na koni kando yake. Ukiwa chini barabarani, ukingo wa juu wa mnara hupinda kwenda juu. Ukiuchora umenyooka, mnara unakuwa bapa. Sufuria ukiitazama kutoka juu ni kinyume: kitako hupinda kwenda chini, tena zaidi kidogo kuliko mdomo.

Matatu zimenishinda. Stejini haziko tuli, na abiria wanakuziba. Zilizoegeshwa zinachorika.

Kalamu ya wino wa maji hupenya karatasi ya gramu 80 kwa mita mraba, kwa hiyo upande wa pili unaharibika. Biro haipenyi, ila haifutiki. Tangulizeni penseli hafifu.