Ushauri: Tunataka kupanda miti Bustani ya Mimea Posta, mtunzaji anatuambia tusipande

Mkaazi_Upanga:
Wakuu, heshima kwenu. Naomba mawazo ya yeyote anayejua miti, au aliyewahi kujitolea kwenye bustani ya umma.

Tuna kikundi cha watu wa kawaida tu, wengi tunafanya kazi Posta na Kivukoni, wachache ni wastaafu. Jumamosi asubuhi tunaingia Bustani ya Mimea, ile ya Dar es Salaam jirani na Makumbusho ya Taifa, tunaokota plastiki, tunafagia njia, tunapalilia maua. Sasa masika yanakaribia na kikundi kimegawanyika. Wengi wanataka tununue miche mia moja, tualike watu, kila familia ipande mti wake. Mzee mmoja anayetunza pale, mtu aliyezeekea kwenye kazi hiyo, ametuambia kwa upole: "Wanangu, msinipandie. Nisaidieni kutunza iliyopo." Wenzangu wamevunjika moyo, wanaona tumekataliwa.

Mimi niko upande wa mzee, ila sina hoja za kitaalamu za kuwapa wenzangu. Bustani ile ilianzishwa 1893, enzi za Wajerumani, chini ya Stuhlmann, mkuu wao wa kilimo, kama shamba la kujaribia mazao ya biashara kutoka nje. Leo ni kipande kidogo cha kivuli katikati ya majengo, na ndani yake kuna mnazi wa Shelisheli, mti ambao nje ya visiwa vyake ni nadra mno kuukuta. Nikikaa chini ya miti ile naona kabisa kwamba tukiipoteza hatutapata mingine ya umri huo maishani mwetu.

Tupande au tusipande? Na kama tusipande, watu wanaojitokeza kila Jumamosi wafanye kazi gani yenye maana kuliko kufagia?

Mdau_Temeke:
Pandeni, ndugu yangu. Mji umekuwa wa moto, kila kiwanja kinamwagwa zege. Mtu akikataa mti bure mimi simwelewi. Miche mia moja si haba.

BwanaMiti_Moro:
Nimefanya kazi ya misitu mpaka nikastaafu, kwa hiyo naomba mnivumilie nieleze kidogo.

Huyo mzee yuko sahihi, tena sababu yake iko chini ya ardhi. Watu wengi hudhani mizizi ya mti mkubwa inazama chini kama nguzo. Sehemu kubwa ya mizizi inayonyonya maji na chakula iko juu juu, ndani ya nusu mita ya kwanza ya udongo au zaidi kidogo, na inatambaa mbali kupita ukingo wa kivuli. Eneo lenyewe ni dogo na limejaa miti mikubwa. Mkichimba mashimo mia moja hapo, mmekata mizizi ya wazee mahali mia moja. Halafu hiyo miche itaota kivulini, itadumaa, na itagombania maji na miti ile ile mnayotaka kuienzi. Ongezeni na umati wa siku ya sherehe: udongo ukikanyagwa ukashikana, hewa na maji havipenyi, na mti mkubwa huanza kukauka ncha za matawi miaka kadhaa baadaye, wakati hakuna anayekumbuka sababu.

Kazi ya kufanya ipo tele. Acheni kuchoma majani, yakusanyeni yawe mboji. Tandazeni matandazo chini ya miti, unene wa sentimita 5 hadi 10, lakini msiyarundike kwenye shina. Shina likikaa na unyevu linaoza gome. Kiangazi mwagilieni kwa wingi mara chache, pembezoni mwa kivuli, si kikombe kimoja kila siku pale kwenye shina. Panga lisisogee karibu na mashina wakati wa kufyeka. Kidonda kidogo kwenye gome ni mlango wa kuvu na mchwa. Palilieni kwa mkono hapo.

Kupogoa waachieni wenye ujuzi. Tawi zito juu ya njia si jambo la watu wa Jumamosi.

MamaMuheza:
Naongezea la huku kwetu. Kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara Mashariki, Tanga, kilianzishwa 1902 kwa kazi hiyo hiyo ya kujaribu mimea ya nje. Mti uitwao mhesi ulipandwa huku, ndege wakapenda matunda yake, wakasambaza mbegu, na leo umeingia ndani ya msitu wa asili na kushika nafasi ya miti yetu. Kwa hiyo hata siku mkipata nafasi ya kupanda, usiwe mche wowote mtu aliouona mzuri kwenye kitalu cha barabarani. Muulizeni yule mzee mtunzaji kwanza.

Mkaazi_Upanga:
Mzee wangu BwanaMiti, shikamoo, na asante sana. Hoja ya mizizi nitaipeleka kikaoni kama ulivyoieleza. Vipi kuhusu majina ya miti? Wageni wanatuuliza na wengi wetu hatuijui. Tulifikiria vibao vya bati vya kupigilia.

BwanaMiti_Moro:
Marahaba. Misumari hapana. Chomekeni kibao kwenye kigingi kifupi ardhini, au kining'inizwe kwa waya wenye springi unaotanuka shina linavyonenepa.

Lakini kabla ya kibao, fanyeni daftari. Hiyo ndiyo ningeipa kipaumbele kuliko yote, maana mti usioandikwa popote ukianguka hakuna atakayejua kilichopotea. Chora ramani, kila mti upewe namba. Pima mzingo wa shina kwenye kimo cha mita 1.3, piga picha ya jani, gome, ua na tunda. Maua yasipokuwapo subirini msimu wake. Mkrismasi, ule wa maua mekundu, utawaonyesha wenyewe mwezi Desemba, mingine haina haraka hiyo. Mti msioutambua pelekeni sampuli kwa wataalamu wa mimea Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wana hifadhi ya mimea iliyokaushwa. Na mketi na yule mzee mkiwa na kalamu. Anajua mti upi uliwahi kupigwa na radi, upi hutoa mbegu zinazoota. Mti wa zamani ukifa, mrithi wake mzuri ni mche wa mbegu yake mwenyewe, kwenye shimo lile lile au jirani, na hapo ndipo mtapanda kwa haki. Mnazi wa Shelisheli msiutegemee kwa hilo: una dume na jike, na tunda lake huchukua takriban miaka sita au saba kukomaa. Ulindeni ulivyo.

Wa_Ngara_Nairobi:
Habari zenu majirani. Hapa kwetu Arboretum, bustani ya miti ya Nairobi, ilianza 1907 kujaribu miti ya kigeni, na kuna marafiki wa bustani wanaofanya kazi pamoja na Huduma ya Misitu. Wekeni mambo kwa maandishi. Ruhusa ya mdomo huisha siku aliyewapa akihamishwa. Muandike nani anashika funguo za stoo, nani analipia glavu na maji, na mtu akiumia itakuwaje.

Mdau_Temeke:
Nimesoma yote, nimeelewa, na mzee wa Moro nakushukuru. Basi ile miche mia moja isiachwe. Huku kuna shule za msingi viwanja vyake ni jua tupu, na watoto wa kumwagilia wapo. Mkaazi, nitafute, nitawakutanisha na walimu wakuu wawili kabla mvua hazijaanza.

Mkaazi_Upanga:
Nakutafuta leo, kaka. Barua ya ruhusa nitaianzia ofisi ya mtaa, ipite kata, ndipo iende jiji, na kabla sijaipeleka nitamsomea mtunzaji aseme kama kuna neno la kuondoa. Swali la mwisho kwa BwanaMiti: mti mmoja mkubwa una uwazi kwenye shina na wenzangu wanataka kuuziba kwa saruji.

BwanaMiti_Moro:
Msizibe. Saruji inashika unyevu na kuharakisha uozo, tena huwezi kuona ndani kinachoendelea. Mti wenye uwazi unaweza kuishi miaka mingi kama ukuta wa nje ni mzima. Zungushieni kamba watu wasikae chini yake, mwiteni mkaguzi wa miti aupige nyundo asikilize, na muandike kwenye daftari tarehe mliyouona.