Naomba ushauri: vihatarishi vya mradi wa kukausha dagaa, Mwanza

Wakuu, habari za kazi. Kikundi chetu cha akina mama wakaushaji dagaa hapa Igombe tunaandaa andiko la mradi kwa mfadhili wa nje. Tumekwama kwenye jedwali la vihatarishi (mambo yanayoweza kuukwamisha mradi) na dhana (mambo tunayochukulia kwamba yatakuwa sawa ili mradi ufanikiwe).

Aliyetusaidia kuliandika kaweka "hali ya hewa itakuwa nzuri" na "ufadhili utaendelea", basi. Mimi sikubali. Mwaka 2020 ziwa lilifurika likameza sehemu za fukwe. Chanja za kuanikia dagaa tukizijenga karibu na maji zitaondoka hivyohivyo. Masika nayo, dagaa wakinyeshewa wakiwa wameanikwa wanaharibika, tunaishia kuwauza kwa bei ya chakula cha kuku. Halafu Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake, miradi ikakatika katikati. Kwangu mimi, hiyo dhana ya fedha ndiyo kihatarishi kikubwa kuliko vyote.

Sasa, jambo tusiloweza kulizuia kama kujaa kwa ziwa linaandikwa wapi, kwenye dhana au vihatarishi? Na tukiandika wazi kwamba mfadhili anaweza kujitoa, hatachukia? Wenzangu wengine wanataka tulifiche hilo. Waliowahi kuandika maandiko haya naombeni mnielekeze, tunawasilisha mwisho wa mwezi.