Hivi Forodhani bado ni mahali pa kumpeleka mzazi?

Ndugu wana jukwaa, assalamu alaykum. Nimetoka Forodhani muda huu, harufu ya moshi ingali kwenye nguo zangu, na sitalala kabla sijaandika haya. Mama yangu mzazi, aliyezaliwa Mji Mkongwe na aliyeijua bustani ile tangu kabla haijakarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009, ameambiwa mbele ya watu kwamba kijiti cha pweza alichokishika ni chakula cha wageni. Chakula cha wageni! Mama huyu alikuwa akipika pweza kabla huyo bwana hajaota meno.

Simtaji jina, kwa sababu mnamjua. Ni yule wa upande wa ukuta wa bahari, mwenye kofia nyeupe ya mpishi iliyo ndefu kuliko ya wenzake wote, nadhani huonekana hata kutoka Bagamoyo. Tulifika mezani kwake baada ya Magharibi, taa zimeshawashwa na vijana wa makachu wanamalizia kujirusha baharini. Hakumwamkia mama. Alitupitisha macho, kisha akaendelea kuwaita "rafiki, rafiki" watalii waliosimama nyuma yetu. Mama akachukua kijiti kimoja cha pweza na kuuliza bei, naye akajibu kwa dola. Mama akamwambia kwa upole, "Mwanangu, nitajie kwa shilingi." Hapo ndipo alipotamka: "Bibi, hicho ni chakula cha wageni, chenu kiko kule," huku akielekeza koleo lake kwenye meza za urojo.

Mama alikirudisha kijiti taratibu, akakilaza sawasawa na vingine, akafuta vidole viwili kwa pindo la kanga, akasema, "Haya, mwanangu." Hakusema jingine mpaka tumefika nyumbani. Bei ya pweza ningeisahau kabla ya kulala, lakini vile vidole viwili kwenye pindo la kanga sitavisahau.

Anauzia mbele ya Ngome Kongwe na Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883, lakini kwa anavyojivuna utadhani alibeba mawe yake mwenyewe. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, naye leo anamwonyesha mwenye mji upande wa kusimama. Kwa upepo wa bahari na juisi ya miwa yenye tangawizi na ndimu, bado ningewaambia mwende. Kwa samaki, nendeni sokoni Darajani asubuhi mkapike wenyewe. Lakini kumpeleka mzazi wako akaambiwa chakula cha wageni? Nawauliza kwa dhati, kuna haja?

Mpiga Mbizi: Pole sana, dada. Nilimtambua mara tu uliposema kofia. Mimi aliniuzia kaa aliyepashwa moto mara nyingi kiasi kwamba gamba na nyama vilikuwa kitu kimoja, na nilipolalamika akaniambia ndivyo wanavyopenda Ulaya.

Mzee wa Bandarini: Mleta uzi, kijiti kimoja cha pweza kimekutoa insha nzima. Mwenyeji gani anayekwenda meza ya ukutani siku ambayo watalii wamejaa? Ungeanzia nyuma, kwa wale wanaouzia wenyeji.

Mleta uzi: Mzee wangu, nakuheshimu, lakini sikuandika kwa ajili ya kijiti. Nimeandika kwa sababu mama alimwita "mwanangu" mara mbili, na mara zote mbili hakuitikiwa.

Bi Karafuu: Mwenzenu kinachoniudhi ni ile pizza ya Zanzibar. Ni unga uliokandwa mwembamba ukafungiwa nyama, yai na kitunguu, kitu kinachoiva kwa dakika chache, lakini wiki iliyopita nilisimama mpaka miguu ikaota mizizi huku waliokuja nyuma yangu wakihudumiwa kwanza. Hilo nalo lifunguliwe uzi wake.

Mpiga Mbizi: Bi Karafuu, pizza ina nafuu. Urojo ndio unaoharibiwa siku hizi. Nilipewa bakuli lenye rojo jepesi kama maji ya kuoshea mchele, bila embe mbichi, na kachori moja inayoelea peke yake.

Mzee wa Bandarini: Urojo bila embe mbichi si urojo. Ndimu peke yake haiwezi kuleta ukali ule.

Bi Karafuu: Wengine tunatia ukwaju, mzee, na hakuna aliyewahi kurudisha bakuli.

Mzee wa Bandarini: Ukwaju kwenye urojo? Wewe umekulia mtaa gani?